Mazoezi ya Mwisho Kabla ya Safari ya Lagos



Somo la leo ni la michezo ya kuigiza. Usiseme hayo ni mambo ya watoto wa shule. Hapa Gitting ni nani hajaona kikundi cha ngoma kikijiandaa kumpokea mgeni? Siku mbili kabla ya siku yenyewe kelele zinazidi. Huyu amesahau maneno ya wimbo. Yule ngozi ya ngoma yake imelegea. Mwingine ana mtoto mgonjwa, hajui kama atakuja. Mgeni akishafika mambo yanakwenda sawa, na watu wanadhani ilikuwa kazi rahisi!

Sasa fikiri kidogo. Safari hii mgeni haji. Ninyi ndio mnaokwenda kuwa wageni. Tena hamwendi Katesh wala Babati. Mnapanda ndege kwenda nchi nyingine, mkaigize mbele ya watu waliotoka nchi zaidi ya 50. Jambo hilo liliwapata waigizaji wa nchi jirani ya Kenya mwaka 1976. Leo tutasoma habari zao.

Somo ni refu. Ukichoka, weka alama ulipofika uendelee kesho. Au msomeane kikundini, mmoja asome na wengine wasikilize.

MANENO YA SOMO

Kuna maneno machache ya kuelewa kwanza. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa ambapo waigizaji husimama. Hata kichuguu kilichosawazishwa kinaweza kuwa jukwaa. Mwongozaji ni yule anayewapanga waigizaji: wewe ingia hapa, wewe toka pale, wewe sema kwa sauti kubwa zaidi. Tamasha ni mkusanyiko mkubwa wa watu kuonyesha ngoma, nyimbo, michezo na kazi za mikono. Kibali ni ruhusa iliyoandikwa. Neno hili la mwisho likumbuke vizuri, maana litarudi.

TAMASHA LENYEWE

Tamasha lilifanyika Lagos, katika nchi ya Nigeria, huko Afrika Magharibi. Lilianza tarehe 15 Januari 1977, likamalizika tarehe 12 Februari 1977. Jina lake kwa kifupi liliitwa FESTAC. Walikuja watu weusi kutoka Afrika, Marekani, visiwa vya Karibi, Brazili na kwingineko. La kwanza la namna hiyo lilikuwa limefanyika Dakar, Senegal, mwaka 1966. Nigeria wakati huo ilikuwa inapata fedha nyingi za mafuta. Ikajenga ukumbi mpya mkubwa kwa ajili ya tamasha, wenye nafasi ya watu 5,000 katika chumba kimoja tu.

Alama ya tamasha ilikuwa sura ya mama mmoja wa kifalme wa zamani aliyeitwa Idia, mama wa mfalme wa Benin. Sura hiyo ilichongwa kwa pembe ya ndovu miaka mingi iliyopita. Mwaka 1897 askari wa Kiingereza waliivamia Benin wakachukua vitu vingi vya thamani, na sura hiyo ikafika London katika jumba la makumbusho. Nigeria ikaomba: tuazimeni tu, tamasha likiisha tutawarudishia. Wakakataliwa. Basi mafundi wa Nigeria wakachonga nyingine inayofanana nayo.

Hebu tazama jambo hilo. Mtu anaomba aazimwe kitu cha bibi yake mwenyewe, na ananyimwa! Liweke moyoni, maana Wakenya nao walikutana na jambo la namna hiyo kabla hata hawajaondoka kwao.

MICHEZO MIWILI

Kenya ilichagua michezo miwili ya kupeleka. Wa kwanza uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o akishirikiana na mama mmoja msomi, Micere Githae Mugo. Wote wawili walikuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mchezo wao ulihusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa huko Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa na Waingereza katika gereza la Kamiti. Kabla ya kuingia msituni alikuwa mwalimu. Tena aliwahi kuanzisha kikundi cha michezo ya kuigiza kwao Karuna-ini, kikiitwa Gichamu. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtu wa jukwaa! Waandishi hawakukaa mezani tu na vitabu. Walikwenda Karuna-ini wakawasikiliza watu waliomjua.

Mchezo huo ulitafsiriwa baadaye kwa Kiswahili, ukatoka mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Ukiukuta katika maktaba, usome.

Mchezo wa pili uliandikwa na Francis Imbuga. Unaeleza usaliti katika nchi ya kubuni inayoitwa Kafira, ambako mkubwa anatawala kwa hofu. Na ndani yake kuna mazoezi! Anatarajiwa kiongozi mgeni kutoka nje, na wafungwa wanaambiwa waandae mchezo wa kumfurahisha. Wanafanya mazoezi, wanashika bunduki za mchezo, kila mtu anacheka. Kumbe bunduki ni ya kweli. Katika mazoezi hayo hayo mkubwa anajikuta ameshikwa. Mimi naona Imbuga aliwajua sana watawala. Wao huogopa siku ya sherehe, wakaweka askari mlangoni, lakini hawafikiri kwamba neno la kweli linaweza kusemwa siku ya mazoezi.

Mwongozaji wa mchezo wa Kimathi alikuwa Seth Adagala. Mwongozaji wa mchezo wa Imbuga alikuwa Tirus Gathwe.

KAZI YA MAZOEZI

Sasa tueleze mazoezi yanavyokwenda. Hapa ndipo wengi tunakosea katika vikundi vyetu, kwa hiyo soma polepole.

Waigizaji huanza kwa kukaa chini na kusoma. Kila mmoja ana karatasi yake. Wanasoma maneno kwa sauti, wanaulizana maana. Baadaye wanasimama, karatasi zikiwa bado mkononi, na mwongozaji anawapanga pa kuingilia na pa kutokea. Wakishazoea, karatasi zinawekwa chini. Siku hiyo ni siku ya aibu! Mtu aliyedhani ameshika maneno yote anakuta kichwa ni kitupu. Ndiyo maana anakuwepo mtu mmoja wa kushika kitabu. Mwigizaji akikwama, yeye anamnong'oneza neno la kwanza tu, mwenzake aendelee. Kazi hiyo inamfaa mtu anayesoma haraka na mwenye macho makini. Si kazi ndogo.

Mazoezi ya mwisho ni kitu kingine kabisa. Hapo watu wanavaa nguo zenyewe, wanashika vitu vyenyewe, taa zinawashwa kama siku yenyewe, na hakuna kusimama. Ukikosea, unaendelea. Mwongozaji hapigi kelele tena. Anakaa nyuma kabisa, pale atakapokaa mtazamaji aliyechelewa, na anaandika makosa katika daftari. Mchezo ukiisha anawaita wote, anawasomea.

Kwa nini kuvaa nguo zenyewe? Katika mchezo wa Kimathi mshitakiwa anasimama kizimbani akiwa na minyororo. Mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima akirusha mikono huku na huku, siku akifungwa mnyororo anaona hawezi hata kujifuta jasho. Maneno yale yale yanataka kusemwa kwa shingo na macho. Afadhali alijue hilo mapema, kuliko kulijua mbele ya watu 5,000.

Tena kuna mkate. Katika mchezo huo mwanamke mmoja anatumia mkate kuficha bastola, ili imfikie Kimathi. Mkate ni kitu kidogo. Lakini ukisahaulika nyuma ya pazia mambo yamekwama, maana hadithi yote inasubiri mkate! Kwa hiyo kila kitu kinaandikwa katika orodha, na kila kitu kina mtu wake. Chukua daftari, piga mistari miwili kutoka juu hadi chini, upate nafasi tatu. Ya kwanza andika jina la kitu. Ya pili andika viko vingapi. Ya tatu andika jina la mtu anayekitunza. Orodha hiyo inafaa kwa mchezo, na inafaa pia kwa harusi, kwa msiba na kwa vifaa vya ushirika.

Mambo ya safari yanaongeza kazi. Jukwaa la ugenini halilingani na la nyumbani. Ukizoea kuvuka jukwaa kwa hatua 8, ukakuta huko ni hatua 15, wimbo utakwisha hujafika katikati. Dawa yake ni kuchora ukubwa ule kwa chokaa chini, hata uwanjani, na kuzoea kutembea humo. Vitu vikubwa vinaachwa, vinabuniwa vinavyokunjika. Mtu wa pili anafundishwa maneno ya mtu wa kwanza, maana malaria haijui tamasha. Halafu kuna hati ya kusafiria, na chanjo ya homa ya manjano. Kwa nchi kama Nigeria, msafiri asiye na kadi ya chanjo anaweza kurudishwa mlangoni.

Na sauti, bwana! Wazee wa Kiiraqw wanaijua slufay. Mzee anasema maneno ya baraka na wengine wanaitikia. Mwitikio ukilegea, hata mzee mwenyewe anapoteza nguvu. Mwigizaji naye yuko hivyo hivyo. Anataka watu wa kumwitikia, wacheke pale pa kuchekwa, wanyamaze pale pa kunyamaziwa. Kwa sababu hiyo mazoezi ya mwisho kabisa hayafanywi ndani ya chumba kitupu. Yanataka watu, na hasa watu wa nyumbani.

NYUMBA YA NANI?

Hapo ndipo taabu ilipoanzia Nairobi. Waigizaji walisema: hatuwezi kupeleka michezo hii Lagos kabla wananchi wa Kenya hawajaiona. Wageni waionaje kwanza, na wenyewe hawajui kinachosemwa kwa jina lao? Kwa maoni yangu walisema kweli. Mtu hapeleki mbegu mnadani kabla hajaijaribu katika shamba lake.

Nairobi palikuwa na Jumba la Michezo la Taifa. Lilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa Waingereza. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, ndipo serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata kina Kenyatta. Jumba hilo linatazamana na Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa hoteli ya masetla. Mwaka 1922 watu walikusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku afunguliwe, wakapigwa risasi na wengi wakafa. Kwa hiyo ardhi yenyewe ya mahali pale ina historia.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Lakini hadi 1976, miaka 13 baadaye, uongozi wa jumba lile bado ulikuwa na Wazungu wengi, na michezo mingi iliyochezwa humo ilikuwa ya Ulaya. Wasanii walipoomba nafasi kwa ajili ya tamasha waliambiwa jumba limejaa. Kulikuwa na kikundi cha Wazungu wa mjini chenye mchezo wa kuchekesha kuhusu Roma ya kale. Kulikuwa na wacheza dansi vijana kutoka Ufaransa. Katikati ya hao wawili palibaki nafasi ndogo: siku 8. Yaani siku 4 kwa kila mchezo.

Eti Jumba la Taifa! Na taifa linapewa siku 8.

Wakazichukua. Tena siku ya kufungua mchezo wa Kimathi ikawa tarehe 20 Oktoba 1976, siku ambayo Kenya huwakumbuka mashujaa wake. Jumba likajaa. Mchezo unamalizika kwa wimbo wa watu wote, na waigizaji walishuka kutoka jukwaani wakipita katikati ya watazamaji huku wakiimba. Watazamaji nao wakasimama, wakaingia katika wimbo, wakacheza. Wakatoka nje pamoja hadi barabarani, huko mbele ya Hoteli ya Norfolk. Nani alikuwa mwigizaji na nani mtazamaji? Haikujulikana tena. Siku nyingine watu walipotaka kutoka vile vile, walikuta polisi wamewazuia.

Hayakuishia hapo. Ngugi na Seth Adagala waliitwa makao makuu ya polisi wa upelelezi. Waliulizwa kwa nini wanaingilia michezo ya Wazungu. Fikiri jambo hilo, ndugu yangu. Watu wanajiandaa kuiwakilisha nchi yao ugenini, kwa jina la serikali yao, na wanahojiwa kama wezi wa ng'ombe.

Hata hivyo walikwenda. Mwaka 1977 michezo yote miwili ilichezwa Lagos.

HESABU KIDOGO

Kabla ya kuendelea, tufanye hesabu. Tamasha lilianza tarehe 15 Januari likaisha tarehe 12 Februari. Lilichukua siku ngapi? Januari ina siku 31. Kuanzia tarehe 15 hadi 31, ukihesabu na tarehe 15 yenyewe, ni siku 17. Februari ni siku 12. Jumla ni siku 29.

Sasa hesabu mwenyewe: kuanzia usiku ule wa 20 Oktoba 1976 hadi tamasha kufunguliwa zilipita siku ngapi? Kumbuka Oktoba ina siku 31, Novemba 30, Desemba 31. Ukipata 87 umepatia. Siku hizo zilikuwa za kurekebisha yale ambayo watazamaji wa nyumbani waliwaonyesha.

MAMA WA JUMAPILI

Habari hii ina sehemu ya pili, na hiyo inatuhusu zaidi sisi wa darasa la watu wazima.

Michezo ile ya Lagos ilikuwa kwa Kiingereza, ingawa ilikuwa na nyimbo za Kikuyu na Kiswahili. Mkulima angeweza kuimba, lakini maneno mengi yangempita. Karibu na Limuru kuna kijiji kinaitwa Kamiriithu. Kilianzishwa miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari, watu walipohamishwa kwa nguvu. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alikwenda nyumbani kwa Ngugi siku ya Jumapili. Akamwambia kwamba wanasikia amesoma sana na anaandika vitabu, basi mbona haleti elimu hiyo kijijini? Ngugi akatoa udhuru. Jumapili iliyofuata mama akarudi. Na iliyofuata. Alipofika Jumapili ya nne, Ngugi akakubali. Mimi namheshimu Ngugi kwa vitabu vyake, lakini katika habari hii namheshimu zaidi mama yule.

Kijijini walianzisha darasa la kusoma na kuandika. Halafu wakataka mchezo wao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe. Ngugi wa Thiong'o na mwenzake Ngugi wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda. Unamhusu mkulima Kiguunda mwenye ekari moja na nusu tu. Hati ya shamba lake ameitundika ukutani kama picha, kwa jinsi anavyoipenda. Tajiri na wenzake wanamshawishi akope benki ili afunge ndoa kubwa ya kanisani, na shamba linakuwa dhamana. Mwisho shamba linauzwa. Hapa kwetu Hanang, ambako shamba la ngano au la mahindi ndilo maisha ya mtu, sina haja ya kueleza uchungu wake.

MAZOEZI MACHONI PA WATU

Wanakijiji wakajenga jukwaa lao la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yakafanyika hapo hapo, bila ukuta wala pazia, kila mtu apitaye aone. Sasa linganisha na jumba la Nairobi. Kule mazoezi hufichwa, na siku ya kwanza mtazamaji anakuja kushangaa. Kamiriithu yalikuwa wazi tangu mwanzo, na watu wakasahihisha. Mzee anasema: sivyo, mzee wa heshima haongei hivyo. Bibi anasema: wimbo huo tuliuimba tofauti, nanyi mmekosea hatua za ngoma. Wafanyakazi wa viwandani wakaeleza kazi yao ilivyo hasa, wanazalisha kiasi gani kwa siku na wanalipwa kiasi gani. Waandishi wawili wenye digrii wakakaa kimya wakiandika marekebisho.

Na wale wasiojua kusoma? Walisomewa maneno yao na wenzao, wakayashika kwa kichwa. Waliokuwa katika darasa la kisomo walipata kitu cha kusoma kinachowahusu. Ukitaka mtu mzima ajifunze kusoma haraka, mpe karatasi yenye maneno atakayoyasema mbele ya jirani zake!

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu na kwa magari kutoka mbali. Wengi walikuwa wameshayajua maneno kabla ya siku ya kwanza, maana waliyasikia katika mazoezi. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali ikaondoa kibali. Nilikuambia ulikumbuke neno hilo. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kesi, gereza lile lile aliponyongewa Kimathi. Humo aliandika hadithi nzima kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Alitoka tarehe 12 Desemba 1978.

Kikundi hakikufa. Kikaandaa mchezo mwingine, Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie. Huu ulikuwa wa nyimbo nyingi, na ulitakiwa kufunguliwa katika Jumba la Taifa tarehe 19 Februari 1982. Kibali kiliombwa, jibu halikuja. Siku ilipofika wakakuta jumba limefungwa kwa kufuli, na polisi wapo. Basi wakarudi Chuo Kikuu walikokuwa wakifanya mazoezi, wakaendelea na mazoezi tu. Watu wakaja kutazama. Kesho yake wakaja zaidi. Vyumba vikajaa, watu wakakaa ngazini na kusimama madirishani. Zaidi ya watu 10,000 waliona mchezo ambao kwa karatasi haujachezwa hata siku moja! Mwishowe na mazoezi pia yakakatazwa. Tarehe 12 Machi 1982 polisi walifika Kamiriithu wakalibomoa jukwaa lililojengwa na wanakijiji.

Mwaka huo huo Ngugi wa Thiong'o akabaki ugenini. Micere Mugo na Ngugi wa Mirii nao walilazimika kuondoka Kenya. Ngugi wa Mirii alikwenda Zimbabwe, akawafundisha watu wa huko kuunda vikundi vya michezo vijijini, hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2008. Imbuga alifariki mwaka 2012, Micere Mugo mwaka 2023, na Ngugi wa Thiong'o mwezi Mei mwaka 2025.

Mwezi Mei mwaka 2022 ule mchezo wa Kiguunda na hati yake ya shamba uliigizwa Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika Jumba la Michezo la Taifa. Tangu uliponyimwa kibali ilikuwa imepita miaka 45 kasoro miezi michache.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini waigizaji walitaka michezo ionekane Kenya kabla ya kupelekwa Lagos? Wewe unakubaliana nao?

2. Mtu anayeshika kitabu anafanya kazi gani? Katika kikundi chenu nani anaweza kuifanya?

3. Mwaka 1982 kikundi kilinyimwa jumba, lakini watu wengi waliuona mchezo. Eleza ilikuwaje.

4. Chagueni jambo moja linalowasumbua hapa kijijini: mpaka wa shamba, mkopo, maji, mifugo kuingia mashambani. Tungeni mchezo mfupi wa dakika 10. Fanyeni mazoezi mahali pa wazi. Mzee au bibi akisema mmekosea, mwacheni aonyeshe, na mmoja wenu aandike anachosema.

5. Andikeni orodha ya vitu mtakavyovihitaji, kwa nafasi tatu kama tulivyoeleza. Msisahau mkate.